Dawa ya Siku 21: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Mishipa ya Ubongo Kubana Baada ya Damu Kuvuja

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinazunguka jambo moja: mgonjwa amevuja damu ubongoni, amevuka siku za kwanza, kisha familia inaambiwa mishipa ya ubongo "imebana" na kuna dawa ya kumeza kila baada ya saa nne kwa siku 21, iitwayo nimodipini. Tumeziweka pamoja na majina tumeyaacha. Isipokuwa tukisema vingine, tunazungumzia aina moja tu ya kuvuja: ile inayotokea pale kifuko kilichovimba kwenye ukuta wa ateri ya ubongo, yaani aneurizimu, kinapopasuka na damu kumwagika kati ya ubongo na utando unaoufunika.

Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 46. Alipasukiwa na mshipa kichwani, akafanyiwa upasuaji wa kuweka klipu siku ya pili. Aliamka vizuri, akanywa uji, akaulizia watoto. Siku ya saba akaanza kusinzia mchana kutwa na mkono wa kulia ukalegea. Wanasema mishipa imebana. Je, walikosea kwenye upasuaji? (Mke wa mgonjwa, Morogoro)

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Dalili hizo, kwa siku hiyo, hazionyeshi kosa la upasuaji. Klipu inaziba kifuko kisivuje tena. Haiwezi kuiondoa damu ambayo imekwisha kumwagika, na damu hiyo imetanda palepale zinapopita ateri kubwa za ubongo. Siku zinavyokwenda, chembe nyekundu zinavunjika na himoglobini inatoka. Himoglobini inaifyonza naitriki oksaidi, gesi ambayo kwa kawaida huufanya mshipa ulegee, na wakati huohuo inachochea endothelini, ambayo kazi yake ni kuukaza. Kalsiamu inaingia kwa wingi kwenye misuli ya ukuta wa ateri, misuli inakaza, na haiachii. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka mzima siku ya tatu na kuharibikiwa siku ya saba.

Kubana huku kuna ratiba yake. Huanza siku ya 3 au ya 4, hufikia kilele kati ya siku ya 7 na ya 10, kisha hulegea polepole na kwa wengi huwa kumekwisha ifikapo wiki ya tatu. Hesabu inaanzia siku kichwa kilipouma ghafla, si siku ya kulazwa. Hapa ndipo wagonjwa wa rufaa wanapoponyoka: amekaa siku mbili kituo cha afya akitibiwa malaria, siku moja imeishia njiani, faili la hospitali kubwa linasomeka "siku ya 4", kumbe ubongo wake uko siku ya 7. Ukiwa ndugu wa mgonjwa, kumbuka tarehe na saa ya maumivu yale ya kwanza, na hakikisha imeandikwa kwenye faili.

Ukipiga picha ya mishipa, hadi wagonjwa 7 kati ya 10 huonekana mishipa yao imebana kwa kiasi fulani. Wanaopata dalili ni wachache kuliko hao, 2 hadi 3 kati ya 10, na hatari huwa kubwa zaidi kwa wale ambao kipimo cha CT cha kwanza kilionyesha damu nene.

Kwa siku zilizobaki, jicho lako ni msaada mkubwa. Mwambie mumeo afumbe macho, anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vitazame juu, kisha uhesabu polepole hadi kumi. Mkono unaoshuka au kiganja kinachopinduka ni dalili. Dalili nyingine ni maneno kumtoka ovyo, kushindwa kutaja kitu anachokijua, mdomo kwenda upande, au usingizi usio wa kawaida yake. Usiseme "amechoka, mwacheni apumzike." Mwite muuguzi dakika hiyohiyo. Madaktari hutumia kipimo cha kushuka kwa alama 2 za Glasgow, yaani alama za kupima fahamu, kwa muda wa saa nzima, lakini kipimo hicho ni cha kuthibitisha, wewe hulazimiki kungoja saa iishe.

Wakirudia CT na kutoa damu ya vipimo, wasikushangaze. Maji kujaa ndani ya ubongo, chumvi ya damu kushuka, degedege lisiloonekana kwa nje au homa vinaweza kuleta sura ileile, na kila kimoja kina tiba yake.

Baba yetu anapewa nimodipini. Daktari kijana alituambia kwa uwazi kwamba dawa hii haizibui mishipa iliyobana. Sasa tunanunua nini kwa bei ile? (Ndugu watatu, Nakuru)

Daktari wenu amesema kweli, na tunapenda madaktari wa namna hiyo. Nimodipini ni ya ukoo wa dawa zinazozuia kalsiamu kuingia kwenye misuli ya mishipa, na ilipoanza kutumiwa watu walitarajia picha zionyeshe ateri zimepanuka. Mara nyingi picha hazikuonyesha hivyo. Kilichobadilika ni hali ya wagonjwa wenyewe. Katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 1989, lenye wagonjwa 554, sehemu ya ubongo ilikufa kwa kukosa damu kwa wagonjwa 22 katika kila 100 waliopewa nimodipini, dhidi ya 33 katika kila 100 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliofariki au kubaki na ulemavu mkubwa walikuwa 20 katika 100 dhidi ya 33.

Maelezo yanayoaminiwa zaidi sasa ni kwamba dawa hii inayeyuka vizuri kwenye mafuta, hivyo inapenya hadi ndani ya ubongo. Huko inasaidia mishipa midogo isiyoonekana kwenye picha, inazikinga seli zisifurike kalsiamu, na inatuliza mawimbi ya umeme yanayosambaa juu ya ubongo ulioumia na kuzifanya seli zidai damu zaidi ya ile inayofika. Kwa hiyo msiipime kwa picha.

Dozi iliyotumika mwaka ule ndiyo inayotumika hadi leo: miligramu 60 kila baada ya saa nne kwa siku 21, ianze mapema, ndani ya saa 96 tangu kuvuja. Vidonge vingi ni vya miligramu 30, kwa hiyo ni viwili kwa dozi, 12 kwa siku, 252 kwa tiba nzima. Namba hiyo ya 252 ipelekeni kwa mfamasia siku ya kwanza. Familia nyingi hununua karatasi mbili tatu za vidonge na kugundua Jumapili usiku kwamba maduka yote ya mjini yamekauka.

Mgonjwa akifika amechelewa, siku ya 5 au ya 6, uamuzi ni wa daktari. Wengi huanza hata hivyo kwa sababu kilele cha hatari bado hakijapita.

Jambo la saa. Dozi sita za saa nne nne zinaangukia vizuri kwenye saa zetu: 12, 4 na 8, mchana mara tatu, usiku mara tatu. Chati ya hospitali lakini huandika 06:00, 10:00, 14:00, 18:00, 22:00 na 02:00. Ndugu akisoma "10:00" akaelewa saa kumi alasiri, mgonjwa amekaa saa kumi bila dawa tangu alfajiri. Dawa hii hufika kileleni kwenye damu ndani ya saa moja tu na hupungua haraka, ndiyo sababu haikubali kupewa "asubuhi, mchana na jioni" kama dawa nyingine.

Mgonjwa wangu hawezi kumeza, ana mpira wa kulishia puani. Tunazo kapsuli laini zenye dawa ya maji ndani. Nawezaje kutoa dozi kamili, na kuna ubaya gani kutumia bomba la kawaida la sindano? (Muuguzi, Mwanza)

Ubaya wake umewahi kuua, kwa hiyo tuanzie hapo. Dawa ya ndani ya kapsuli ikishavutwa kwenye bomba la kawaida la sindano, inafanana na dawa yoyote ya kuchoma. Mtu wa zamu inayofuata anaikuta kando ya kitanda, anaona mgonjwa ana kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, anaiingiza dawa humo. Presha inaporomoka na moyo unaweza kusimama. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka onyo la kisanduku, lile kali kuliko yote, kwenye dawa hii mwaka 2006, ikalazimika kurudia mwaka 2010 kwa sababu makosa yaliendelea na wagonjwa walikuwa wamefariki. Mwaka 2013 ikaidhinisha nimodipini ya maji ya kunywa, ili haja ya kutoboa kapsuli iondoke.

Kama kapsuli ndizo mlizonazo, kazi hii ifanywe na famasi, si kando ya kitanda. Kapsuli inatobolewa pande zote mbili kwa sindano ya geji 18, ili hewa iingie upande mmoja dawa itoke upande wa pili. Ukitoboa upande mmoja tu, dawa nzito ile inavutana na ganda na sehemu ya dozi inabaki ndani. Ikamue kapsuli hadi ibonyee kabisa. Kisha hamishia dawa kwenye bomba la dawa za mdomo, lile ambalo ncha yake haiingii kwenye kanula. Bandika lebo kubwa: KWA MDOMO AU MPIRA TU, SI YA MSHIPANI. Kama hospitali haina mabomba ya mdomo, lebo hiyo ndiyo kinga pekee iliyobaki, na bomba lisiachwe mezani hata kwa dakika moja: linatoka famasi, linaingia kwenye mpira, linatupwa.

Ukishaingiza dawa, sukuma kwa mililita 30 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Usipofanya hivyo dozi inabaki imeng'ang'ania ukuta wa mpira.

Kwa vidonge, saga ukiwa tayari kumpa, changanya na maji na umpe papo hapo, kisha suuza kinu na bomba kwa maji kidogo na hayo nayo yaingie kwenye mpira. Usisage dozi za siku nzima asubuhi. Nimodipini inaharibiwa na mwanga, na unga uliokaa kwenye kikombe dirishani unapoteza nguvu. Chakula nacho kinapunguza dawa inayofyonzwa, kwa hiyo ipe saa moja kabla ya mlo au saa mbili baada yake. Kwa mgonjwa anayelishwa kila saa tatu hilo haliwezekani kila mara. Panga ratiba ya uji na ratiba ya dawa kwenye karatasi moja ili zisigongane bila sababu.

Kuna pia nimodipini iliyotengenezwa rasmi kwa ajili ya mshipani, ya miligramu 10 katika mililita 50. Hiyo ni kitu kingine kabisa na haibadilishani na kapsuli. Huanza kwa miligramu 1 kwa saa, yaani mililita 5 kwa saa, kwa saa mbili. Presha ikistahimili inapandishwa hadi miligramu 2 kwa saa. Mwenye uzito chini ya kilo 70 au presha isiyotulia huanza na nusu. Inapita kwenye kanula ya mshipa mkubwa wa kati, kwa pampu, pamoja na dripu nyingine kupitia kiungo cha njia tatu, na haichanganywi ndani ya chupa ya dripu. Mirija iwe ya polithini. Mirija ya kawaida ya PVC inainyonya dawa, pampu inaonyesha miligramu 2 na mgonjwa anapata pungufu. Na ndani yake mna alkoholi; familia za Kiislamu na wagonjwa wa ini wana haki ya kuambiwa.

Famasi tatu hazina nimodipini. Ya nne imenipa nifedipini, wakasema ni "ndugu yake". Nimpe mama? (Kijana, Mombasa)

Usimpe. Ni ndugu yake kweli, lakini undugu wa majina hautibu. Nifedipini inashusha presha ya mwili mzima kwa nguvu na haina ushahidi wa kuukinga ubongo baada ya kuvuja. Ubongo ambao ateri zake zimebana unategemea presha isukume damu kupita penye wembamba. Ukiishusha ghafla, hasa kwa ile tabia ya kutoboa kidonge na kukiweka chini ya ulimi, unaweza kumsababishia kiharusi kilekile unachojaribu kumkinga. Amlodipini nayo si mbadala.

Wala usigawe dozi ili vidonge vichache ulivyo navyo vidumu. Mpe dozi kamili uliyo nayo na mwambie daktari leo vitakwisha saa ngapi, ili hospitali iulizie hospitali nyingine.

Kila tukimpa nimodipini, presha inashuka. Jana ilifika 92 kwa 50. Wauguzi wameanza kuruka dozi. Ni sawa? (Tabibu, Dodoma)

Kuruka dozi kimyakimya ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu chati inaonyesha tiba inaendelea na kumbe haiendelei. Fuata mpangilio huu.

Angalia kwanza anatumia nini kingine. Wagonjwa wengi wa aina hii walikuwa na presha ya kupanda, na mara nyingi ndugu huleta dawa za nyumbani, amlodipini na losartani na za kukojoza, wakaendelea kumpa asubuhi kwa nia njema. Mwingine zimeandikwa upya siku ya kulazwa, wakati presha ilikuwa 190, na hakuna aliyezifuta. Hizo ndizo zinazotoka kwanza. Nimodipini ni ya mwisho kuguswa.

Kisha angalia maji. Kama mkojo ni mwingi kuliko anachoingiza, presha itashuka kwa dawa yoyote ile.

Vikishakaa sawa na bado inashuka, igawe dozi: miligramu 30 kila baada ya saa mbili. Jumla ya siku inabaki 360, ila mgonjwa hapati pigo moja kubwa. Pima presha kabla ya dozi, baada ya nusu saa, na baada ya saa moja, maana hapo ndipo dawa iko kileleni. Ukipima saa tatu baadaye utaona presha nzuri na kudhani hakuna tatizo. Ikishindikana hata hivyo, mgonjwa anahitaji ICU na noradrenalini ya kuishikilia presha, au daktari aandike waziwazi kwamba dozi imesimamishwa, kwa nini, na itaangaliwa tena saa ngapi. Mwenye ini lililosinyaa yeye huanza moja kwa moja na miligramu 30 kila saa nne, kwa sababu ini lake haliivunji dawa kama inavyotakiwa.

Kaka yangu yuko kwenye dawa za TB, mwezi wa tatu. Tena ana degedege tangu damu ivuje, wamempa fenitoini. Je, hizi zote zinakaa pamoja na nimodipini? (Dada wa mgonjwa, Kigoma)

Hazikai. Nimodipini inavunjwa kwenye ini na utumbo na kimeng'enya ambacho dawa hizo mbili hukizidisha nguvu. Rifampisini iliyomo kwenye vidonge vya TB inaweza kuifanya nimodipini ya mdomo iwe kama haikumezwa. Fenitoini, fenobabito na karbamazepini hufanya vivyo hivyo. Kwa degedege suluhisho ni rahisi: levetirasetamu haina mgongano huo, na fenitoini yenyewe imehusishwa na matokeo mabaya zaidi kwa wagonjwa wa kuvuja huku, kwa hiyo omba daktari aibadilishe. TB ni ngumu kuliko hapo. Usimwachishe dawa za TB kwa uamuzi wako. Mwambie daktari wa ubongo na kliniki ya TB wazungumze siku hiyohiyo.

Upande wa pili wa shilingi ni dawa zinazokizuia kimeng'enya hicho, na nimodipini ikajaa kwenye damu hadi presha ikaanguka: klarithromaisini, ketokonazoli, itrakonazoli, na dawa za VVU zenye ritonaviri. Efavirenzi, nayo ya VVU, inavutia upande wa kuipunguza nimodipini. Anayetumia mchanganyiko wa sasa wenye dolutegraviri, maarufu kama TLD, hana tatizo hilo, na asiache kuutaja kwa kuona aibu. Mfamasia akijua anaweza kukusaidia, asipojua hawezi. Balungi liondoke kabisa mezani kwa siku zote 21, tunda na juisi. Danzi lina kemikali za jamii hiyohiyo, basi nalo lisubiri.

Alipofika walimpa dawa za kushusha presha. Baada ya wiki wakampa dawa za kuipandisha hadi 180. Tumeshindwa kuelewa. (Mtoto wa mgonjwa, Arusha)

Wote walikuwa sahihi. Kifuko kikiwa hakijazibwa, presha kubwa inaweza kukipasua tena, na kuvuja kwa mara ya pili huua wengi. Wakati huo wengi hulenga presha ya juu isizidi 160. Kikishazibwa kwa klipu, au kwa nyuzi za koili zinazopitishwa ndani ya mshipa, hatari hiyo imeondoka na adui sasa ni ukame wa damu. Mgonjwa akianza kulegea mkono au kupoteza maneno, presha hupandishwa kwa noradrenalini hatua kwa hatua, akiangaliwa kila hatua: mkono umeamka? Ukiamka kwenye 170, hapo ndipo anaposhikiliwa. Usipoamka, wanatafuta njia nyingine: kupitisha mrija kwenye ateri hadi kichwani na kumwaga dawa kama verapamili au nikadipini palepale penye wembamba, au kupanua kwa puto. Dawa ya kumwagwa hivyo hufanya kazi kwa saa chache, kwa hiyo huenda akarudishwa chumbani humo zaidi ya mara moja.

Zamani walimjaza pia maji mengi mno na kuifanya damu iwe nyepesi. Hilo limeachwa, maana mapafu yalijaa maji na ubongo haukufaidika. Sasa lengo ni asipungukiwe maji, basi. Na hapa kuna mtego: sodiamu ya damu ikishuka chini ya 135, katika magonjwa mengine mgonjwa hunyimwa maji. Kwa mgonjwa huyu ni hatari. Ubongo ulioumia unaifanya figo imwage chumvi, na maji yanaifuata. Ukimnyima maji unaikausha mishipa iliyokwisha kubana. Anapewa dripu ya chumvi nzito ya asilimia 3, pengine na fludrokotisoni, dawa inayoifanya figo ishikilie chumvi, huku sodiamu ikipandishwa polepole. Kijiko cha chumvi kwenye uji, ambacho mama mmoja aliuliza, hakisaidii.

Nimesoma kuhusu dawa mpya ya Japani. Na hospitali moja walimpa mjomba magnesiamu na dawa ya kolesteroli. Zina faida? (Mwanafunzi wa udaktari, Dar es Salaam)

Japani iliidhinisha klazosentani mwaka 2022. Inazuia endothelini, na kwenye picha kubana kwa mishipa kweli kunapungua. Lakini jaribio la kimataifa lililotoa matokeo mwaka 2023 halikuonyesha kwamba wagonjwa walikuwa na hali bora, na mapafu kujaa maji na presha kushuka ni madhara yake yanayojulikana. Fasudili, dawa nyingine ya kulegeza mishipa, nayo inatumika Japani tangu mwaka 1995, na si Marekani. Ukitazama kwa makini utaona kioja: klazosentani inapanua mishipa bila kumsaidia sana mgonjwa, nimodipini inamsaidia mgonjwa bila kupanua sana mishipa. Ndiyo maana sasa tunasema wembamba wa ateri ni sehemu tu ya ugonjwa.

Magnesiamu ya mshipani ilijaribiwa kwa wagonjwa wengi na haikuongeza faida. Simvastatini, dawa ya kolesteroli ya ukoo wa statini, ilijaribiwa kwa dozi ya miligramu 40 kwa wagonjwa 803, matokeo yakatoka mwaka 2014: hakuna tofauti. Magnesiamu ikipungua kwenye damu irudishwe kawaida, na aliyekuwa akimeza statini kwa sababu nyingine aendelee. Zaidi ya hapo ni kumuongezea vidonge.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda, CT ikaonyesha damu juu ya ubongo. Daktari amekataa kumwandikia nimodipini. (Tanga)

Amefanya sawa. Damu iliyotokana na kugonga kichwa imejaribiwa na nimodipini, faida haikupatikana, na kushuka kwa presha kwa mtu aliyeumia kichwa ni hasara tupu. Vilevile haitumiki kwa damu inayovuja ndani ya nyama ya ubongo kutokana na presha ya kupanda.

Wanataka kumruhusu mama siku ya 14. Tukiwa nyumbani tufanye nini? (Binti, Iringa)

Ondokeni na vidonge vya siku 7 zilizobaki mkononi, yaani 84, si karatasi ya kwenda kuvitafuta. Ombeni tarehe ya dozi ya mwisho iandikwe kwenye kadi, ikihesabiwa tangu siku damu ilipovuja kama ndivyo hospitali ilivyohesabu. Tegeni kengele ya simu kwa saa 12, 4 na 8; ile ya saa 8 usiku ndiyo husahaulika, kwa hiyo aamshwe, ameze kwa maji, alale. Dozi ikipita, asimeze mara mbili kufidia. Zikipita mbili mfululizo, pigeni simu hospitali.

Akiinuka kitandani akae kwanza ukingoni dakika moja mbili, mtu akiwa karibu. Uso kupata joto, kichwa kuuma kidogo, miguu kuvimba kidogo au tumbo kufunga huweza kutokea. Kizunguzungu kikali au kuzirai ni sababu ya kupima presha mara moja, na kabla hamjaondoka wodini mwombeni daktari aandike namba: presha ya juu ikishuka chini ya kiasi gani mumpigie. Jaribio la mikono tulilolieleza kwa mama wa Morogoro lifanyeni asubuhi na jioni. Kichwa kikiuma tena ghafla kama kinapasuka, au akapoteza maneno, ni kurudi hospitali usiku huohuo.

Nimodipini haiendelei baada ya siku ya 21. Dawa zake za zamani za presha msizirudishe kwa kukisia. Daktari aseme zinaanza tarehe gani na ipi kwanza. Na vidonge vikibaki, rudisheni famasi. Msimpe jirani mwenye presha.